Taa ndogo za kivukio cha reli: Jinsi ya kuziunda, kuzipaka rangi na kuzizuia zisidanganye

NYUMBA nyingi nchini Marekani zina chumba kilichochimbwa chini ya sebule. Humo wenyewe huweka mtambo wa kupasha nyumba joto, mashine ya kufulia nguo na vikorokoro vingine vilivyokosa pa kukaa. Katika baadhi ya vyumba hivyo, hata hivyo, huwa kuna nchi nzima iliyojengwa juu ya meza: milima ya plasta, miti ya sifongo, maduka, mashamba ya mahindi na reli inayozunguka kotekote, ikipitiwa na garimoshi ambalo kichwa chake ni cha urefu wa shubiri moja hivi.

Huu ni uraibu wa watu wazima, tena wenye subira. Chama chao cha kitaifa kiliundwa jijini Milwaukee mnamo 1935, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuweka vipimo, ili gurudumu lililotengenezwa na kampuni moja liweze kupita bila kuanguka juu ya reli iliyotengenezwa na kampuni nyingine.

Mgeni anapoingia katika chumba kama hicho, macho yake hulifuata garimoshi. Wajuzi, kwa upande wao, huinama kwanza kutazama mahali barabara inapokatiza reli. Hapo pana nguzo mbili nyembamba, moja kila upande, na juu ya kila nguzo mna vibao viwili vyeupe vilivyopishana kama herufi X, taa mbili nyekundu zinazopokezana kuwaka, na pengine mkono wa kuzuia magari. Kimo cha nguzo nzima ni kama cha njiti ya kiberiti.

Makala haya yanaeleza jinsi nguzo hizo zinavyoundwa na kupakwa rangi, na kwa nini fundi aliyemaliza kupaka rangi huwa bado hajamaliza kazi.

Tuanze na asili ya chenyewe kinachoigwa. Magarimoshi yalipoanza kukatiza barabara za miji ya Marekani katika karne ya 19, ulinzi ulikuwa wa binadamu. Mlinzi alisimama kando ya reli, mchana akipunga bendera na usiku akipunga taa ya mafuta, upande hadi upande, mpaka behewa la mwisho lipite.

Mnamo 1909, Albert Hunt, mhandisi wa mitambo katika kampuni ya reli ya Pacific Electric kusini mwa California, alibuni kifaa cha kushika nafasi ya mlinzi huyo. Kilikuwa bamba la mviringo lenye taa nyekundu katikati, lililoning'inia na kubembea huku na huku kama uzito wa saa ya ukutani huku kengele ikilia. Taa mbili zinazopokezana, ambazo baadaye zilichukua nafasi ya bamba hilo, zinaiga mwendo uo huo: jicho la dereva linaona kitu chekundu kikienda kushoto na kulia, kama taa mkononi mwa mzee aliyesimama gizani.

Ni muhimu fundi wa vielelezo alijue hilo kabla hajagusa brashi. Kanuni za Marekani zinataka kila taa iwake kati ya mara 35 na 65 kwa dakika, na zote mbili ziwake kwa muda unaokaribiana. Wanagenzi wengi huziharakisha mno, zikapepesa kama taa za Krismasi dukani. Mtu anayetazama huhisi kwamba kuna kasoro, hata kama hawezi kuitaja.

Sasa vipimo. Kipimo kinachopendwa zaidi Marekani huitwa HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Njia rahisi ya kukikumbuka ni kwamba futi moja ya ulimwengu wetu huwa milimita tatu na nusu juu ya meza. Kipo pia kipimo cha N cha kupunguza mara 160, kwa wenye nafasi finyu na macho makali, na kile cha O cha kupunguza mara 48, kwa wenye nafasi tele.

Kila kibao cha ule msalaba wa X katika barabara halisi kina urefu wa inchi 48 na upana wa inchi tisa. Katika HO, hesabu hiyo hutupa urefu wa milimita 14 na upana wa milimita 2.6. Kioo cha taa chenye kipenyo cha inchi 12 huwa milimita tatu na nusu. Taa mbili ambazo vitovu vyake viko inchi 30 mbali hukaribiana hadi chini kidogo ya milimita tisa. Nguzo yenyewe, ambayo ni bomba la unene wa sentimita 11 hivi, husinyaa ikawa milimita 1.3.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo mwanzo wa shida zote. Ndani ya nguzo yenye unene wa milimita 1.3 sharti zipitishwe nyaya za kuwasha taa mbili. Maduka ya uraibu huu huuza neli nyembamba za shaba, lakini ndogo kati ya zile za kawaida huwa na unene wa milimita 1.6, na mtazamaji mkali ataiona nguzo kuwa nene.

Mafundi wengine wamepata jawabu katika duka la dawa. Sindano mpya ya hospitali, ile ya nambari 18, ina unene wa nje wa milimita 1.27 na tundu la ndani la milimita 0.8 hivi. Ukiikata ncha kwa tupa na kuilainisha makali, unayo nguzo kamili. Kasoro yake ni kwamba chuma kisichoshika kutu hakikubali lehemu kwa urahisi, hivyo viungo vyote itakubidi uvishike kwa gundi. Na si haja kusisitiza kwamba sindano iwe mpya ndani ya karatasi yake, wala isiwe imeokotwa popote.

Katika kisanduku kinachouzwa dukani, vipande vya plastiki huja vimeshikana na fremu. Usivikwanyue kwa mkono. Vikate kwa kisu chembamba, ukiacha kichuguu kidogo cha plastiki upande wa kipande, kisha usugue kichuguu hicho kwa msasa laini mpaka kiishe. Anayekata moja kwa moja karibu na kipande huacha shimo, na shimo hukaa hapo hata baada ya kupakwa rangi mara tatu.

Mpangilio wa kuunganisha ni kutoka chini kwenda juu: kitako, nguzo, boriti fupi inayobeba taa, kisha msalaba. Tatizo ni kuhakikisha nguzo imesimama wima na boriti imelala sawasawa. Macho ya binadamu yana uwezo wa ajabu wa kuona upogo. Fundi mwerevu hutoboa kitundu katika kipande cha ubao, akasimamisha nguzo humo, akaweka nyuma yake karatasi yenye mistari ya mraba ya hesabu, na kuilinganisha kazi yake na mistari hiyo gundi ikiendelea kukauka.

Taa zenyewe siku hizi ni za LED. Zile za duara zenye kipenyo cha milimita tatu zinakaribia ukubwa sahihi, ila zina mkia mrefu kwa nyuma. Wengi sasa hutumia vile vipande vidogo vya urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8, ambavyo hushikwa kwa kibano, na vikiruka vikaanguka zuliani, ni heri kufungua kingine kuliko kukitafuta. Kila kimoja huunganishwa na nyaya nyembamba zilizopakwa utomvu wa kuzuia umeme, nyembamba kama unywele, zinazoteremka ndani ya nguzo mpaka chini ya meza.

Kuna kanuni moja hapa ambayo wengi huijua baada ya kulia: jaribu taa kabla ya kupaka rangi, na uzijaribu tena baada ya kila hatua. Taa iliyokufa ndani ya nguzo iliyokwisha kupakwa rangi haifufuki bila kuvunja kila kitu.

Sasa rangi. Kwanza osha vipande vyote kwa maji na sabuni, kwa kuwa plastiki hutoka kiwandani na mafuta, na vidole vyako navyo vina mafuta. Vikikauka, vipulizie rangi ya msingi ya kijivu, tabaka jembamba. Tabaka nene huziba mistari na kingo ambazo ndizo uzuri wa kitu kidogo.

Nguzo na boriti hupakwa rangi ya fedha iliyofifia, mfano wa alumini iliyokaa juani miaka kadhaa. Visahani vilivyo nyuma ya taa, pamoja na vikofia vinavyozikinga, huwa vyeusi ili wekundu wa taa uonekane hata jua linapowaka nyuma yake. Ndani ya kikofia pia paka nyeusi. Mtu akiacha plastiki tupu mahali hapo, mwanga wa LED hupenya na kikofia kizima kikang'aa kama jicho la paka. Kitako hupewa rangi ya saruji.

Nina jambo la kuongeza kuhusu nyeupe na nyeusi. Nyeupe tupu iliyotoka mkebeni, ikipakwa juu ya kitu cha milimita 14, humwumiza mtazamaji macho. Na nyeusi tupu huwa kama tundu. Kitu kidogo hutazamwa kana kwamba kiko mbali, na vitu vilivyo mbali hufifia kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Kwa hivyo tia tone la kijivu katika nyeupe na tone la kijivu katika nyeusi. Wapo watakaobisha, wakisema kwamba rangi ni rangi. Wawekeni nguzo mbili mbele ya macho, moja ya rangi tupu na moja iliyofifishwa, waamue wenyewe.

Maandishi ya msalaba ni mtihani wa pekee. Vibao hivyo huandikwa maneno yanayotangaza kwamba hapa reli inakatiza barabara, na kwa kuwa kibao chenyewe kina upana wa milimita 2.6, herufi haziwezi kufika hata milimita mbili. Sisi tuliozoea kurasa za magazeti tunaujua ukubwa huo: ni kama herufi za pointi sita, zile za orodha ya bei za hisa ambazo wasomaji hulalamikia kila mwaka. Hakuna mkono wa kuziandika kwa brashi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni maandishi yaliyochapishwa juu ya utando mwembamba ambao hulowekwa majini, ukateleza kutoka kwenye karatasi yake na kukaa juu ya kibao. Ya pili ni ya vibao vilivyofinyangwa na herufi zilizoinuka. Hivyo hupakwa nyeupe yote kwanza. Rangi ikikauka kabisa, unachukua kipande cha sifongo kigumu chenye nyeusi kidogo sana, unakigusisha kwenye karatasi mpaka karibu kiishe rangi, kisha unakipitisha juu ya herufi kwa wepesi wa mtu anayepangusa vumbi kwenye kioo cha saa. Nyeusi hushika vichwa vya herufi peke yake. Ukikosea, futa mara moja kwa kitambaa chenye majimaji na uanze upya.

Kwa kivukio chenye mkono wa kuzuia magari, mkono huo una mapande ya nyekundu na nyeupe, kila pande likiwa na upana wa inchi 16, sawa na milimita 4.7 katika HO. Paka nyeupe kwanza, maana nyekundu haifunikiki kwa nyeupe. Bandika utepe wa kuzuia rangi mahali pa nyeupe, halafu, kabla ya kupaka nyekundu, pitisha nyeupe nyingine kidogo juu ya kingo za utepe. Ikiwa kuna mwanya, hiyo nyeupe ndiyo itakayopenya na kuuziba, nayo haitaonekana. Nyekundu ikija haina pa kupita. Ung'oe utepe rangi ikiwa haijakauka sana, ukiuvuta kwa pembe, taratibu.

Juu ya mkono halisi huwa kuna taa tatu nyekundu. Ile ya kwenye ncha huwaka mfululizo bila kupepesa, na zile mbili nyingine ndizo zinazopokezana. Vielelezo vingi vya madukani hukosea hapo.

Mwishowe kazi yote hupuliziwa vanishi isiyong'aa, na ukipenda, unga wa chaki ya rangi ya kutu husuguliwa kidogo penye kitako na chini ya boliti. Kidogo. Kifaa cha usalama hutunzwa, na kutu nyingi juu yake humpa mtazamaji habari isiyokusudiwa.

Hapo wengi huweka nguzo mezani, wakaziunganisha na betri na kushangilia. Taa zikiwa za LED nyekundu zinazotumia volti mbili hivi, na umeme ukiwa wa volti 12, kila taa inahitaji rezista ya kubeba volti kumi zilizobaki; kwa mkondo wa miliampea kumi, hiyo ni rezista ya omu 1,000. Ukiiacha, taa huwaka kwa uzuri mkubwa kwa sekunde moja.

Kuzifanya zipokezane ni kazi ya chipu moja ya bei nafuu iitwayo 555, iliyosanifiwa na Hans Camenzind na kuanza kuuzwa mnamo 1972. Mguu wake wa tatu hupanda na kushuka, umeme ukija na kuondoka. Taa moja hufungwa kati ya upande wa chanya na mguu huo. Ya pili kati ya mguu huo na upande wa hasi. Mguu ukishuka ya kwanza huwaka, ukipanda huwaka ya pili.

Kasi huamuliwa na rezista mbili na kapasita moja. Kwa rezista ya omu 10,000, nyingine ya omu 91,000, na kapasita ya mikrofaradi kumi, kila taa itawaka takriban mara 45 kwa dakika, ndani ya mipaka inayotakiwa na kanuni.

Lakini nani aiambie chipu hiyo kwamba garimoshi linakuja? Swali hili ndilo linalotenganisha pambo na kielelezo, na ndilo lenye uzito hata kwa msomaji asiyekuwa na nia ya kushika gundi maishani mwake.

Katika reli halisi, jibu lilitokana na William Robinson, Mmarekani aliyepewa hataza ya uvumbuzi wake mnamo 1872. Umeme mdogo wa betri hupitishwa katika chuma kimoja cha reli, ukarudi kwa chuma cha pili. Mwishoni mwa kipande hicho cha reli huwa kuna swichi ya sumaku. Maadamu umeme unafika, sumaku huishikilia swichi juu, na taa za kivukio huwa zimezimika. Garimoshi likiingia, magurudumu na vyuma vyake vya katikati huunganisha reli mbili na kuukatisha umeme njiani; sumaku hulegea, swichi huanguka kwa uzito wake, na taa huanza kuwaka.

Tazama sasa hekima iliyomo. Reli ikivunjika, swichi huanguka. Betri ikifa, swichi huanguka. Mwizi akikata waya akauze shaba, swichi huanguka. Kila aina ya ubovu huishia katika tahadhari, na wala haiishii katika kimya. Mikono ya kuzuia magari nayo hushikiliwa juu kwa nguvu za umeme, na umeme ukipotea hushuka kwa uzito wake. Dereva atakereka akisubiri garimoshi lisilokuja, lakini atakuwa hai wa kukereka.

Vielelezo vingi vimeundwa kinyume chake. Fundi huweka kidude cha kuhisi kati ya mataruma, na kidude hicho hutuma umeme kikiona garimoshi. Waya ukikatika chini ya meza, taa hukaa gizani na garimoshi hupita kimyakimya mbele ya gari dogo lililosimama barabarani. Hakuna anayeumia, bila shaka. Lakini mtu aliyetumia wiki tatu kuhakikisha kibao kina upana wa milimita 2.6 amekiacha kitu muhimu kuliko vyote.

Kuirekebisha si kazi kubwa. Mwale wa infraredi usioonekana kwa macho hutumwa kutoka upande mmoja wa reli hadi upande wa pili, na kipokezi chake ndicho huishikilia swichi ya sumaku. Garimoshi likiukata mwale, au mwale ukifa wenyewe, swichi huachia na taa huwaka. Uelekeze mwale kwa mshazari, usiwe mkabala na reli, la sivyo utapenya kati ya behewa na behewa na taa zitasitasita. Na ukitaka kuongeza kapasita ya kuchelewesha, hakikisha inachelewesha swichi kuinuka, isicheleweshe kuanguka.

Umbali nao una kisa chake. Kanuni za Marekani zinataka taa ziwake angalau sekunde 20 kabla ya garimoshi kufika. Mkono wa kuzuia magari huanza kushuka si chini ya sekunde tatu baada ya taa kuanza, na sharti uwe umelala angalau sekunde tano kabla ya garimoshi kuwasili. Garimoshi la kilomita 60 kwa saa husafiri mita 333 kwa sekunde hizo 20. Ukigawanya kwa 87, unapata karibu mita nne za meza.

Watu wengi wana meza ya futi nne kwa nane, yaani chini ya mita mbili na nusu. Kwa hivyo ama garimoshi lao litambae, ama onyo lipunguzwe hadi sekunde tano au sita, yaani mita moja hivi. Wengi huchagua la pili. Mimi ningependekeza la kwanza: garimoshi linaloenda kwa kilomita 20 kwa saa karibu na mji mdogo si jambo la aibu, nalo hukamilisha sekunde zote 20 katika mita 1.3.

Mtu akishakaa mbele ya meza akihesabu sekunde hizo, ndipo huelewa uchache wake. Garimoshi la mizigo lililojaa, likiwa katika kasi ya njia kuu, huhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama. Dereva wake akiliona basi kivukioni, anachoweza kufanya ni kupiga honi na kushika breki, kisha kungoja.

Kwetu Kenya habari hii haihitaji kupunguzwa mara 87 ili ieleweke. Mnamo Oktoba 30, 2013, garimoshi la abiria liligonga basi katika kivukio cha Mutindwa, karibu na mtaa wa Umoja jijini Nairobi, na zaidi ya watu kumi wakapoteza maisha. Reli ya SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mnamo 2017 ilijengwa kwa namna ambayo barabara hupita juu yake au chini yake. Ile reli kongwe ya upana wa mita moja, iliyoanzishwa Mombasa mnamo 1896 na kufika Kisumu mnamo 1901, ingali inakatizwa na barabara, vichochoro na njia za miguu. Jirani zetu wa Dodoma wana hata kata iitwayo Tambukareli.

Anayetaka kuiiga reli hiyo kongwe katika kipimo cha HO atumie reli ya mfano yenye upana wa milimita 12, kwa kuwa ile ya kawaida ya milimita 16.5 ni ya upana wa SGR. Nguzo za kisanduku cha Kimarekani zitahitaji kuhamishwa: kule magari hupita upande wa kulia, na nguzo husimama kulia kwa dereva anayekaribia reli. Hapa husimama kushoto, na mkono wa kizuizi huziba upande wa kushoto wa barabara. Nimewahi kuona picha ya kazi nzuri sana ya mandhari ya Afrika Mashariki iliyokosea hapo tu.

Kwa asiyekuwa na duka la uraibu karibu, kipimo cha O ni rafiki zaidi. Nguzo hapo huwa na unene wa milimita mbili na ushei, na kipande chembamba chenye uwazi cha erio ya redio mbovu hukaribia unene huo. Vibao hukatwa kutoka kwa plastiki ya mtungi wa maziwa, na taa nyekundu hupatikana katika redio ileile iliyotoa erio.

Vyote vikishafungwa, lipo jaribio moja la mwisho kabla ya kuwaita watoto na majirani. Ondoa magarimoshi yote kwenye reli. Washa umeme, taa za kivukio ziwe kimya. Kisha inama chini ya meza na uchomoe waya mmoja wa kipokezi, wowote ule. Taa zikianza kupokezana na mkono ukashuka, rudisha waya mahali pake. Zikibaki gizani, chukua kifaa chako cha kulehemu na uanze tena kutoka kwenye swichi.